Kabla ya Kuuza Mpunga kwa Ajili ya Mtihani
Mazungumzo na wakazi wa Muze kuhusu mtihani wa kuingia shule za biashara

Tumeshuka asubuhi ya leo kwa barabara ya Ntendo, na kwa wenzetu wawili ambao hawakuwahi kuuteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa, safari hiyo peke yake imekuwa somo.

Tulikuja na mada ya mizani na lumbesa. Lakini kabla ya kikao kuanza, kijana mmoja mwenye shahada ya kwanza ya biashara, ambaye sasa anawasaidia wazazi wake kununua na kuuza mpunga hapa bondeni, alituonesha ujumbe katika simu yake. Ametupa ruhusa ya kuueleza bila kumtaja yeye wala aliyeutuma. Ujumbe unamwalika katika darasa la wiki sita, kwa njia ya WhatsApp, la kujiandaa na mtihani uitwao GMAT. Unamwahidi alama 700 kwa uhakika, la sivyo atarudishiwa fedha zake. Unamwahidi pia maswali yenyewe ya mtihani ujao. Ada ni shilingi 850,000, nayo ilipwe kabla ya Ijumaa, kwa kuwa nafasi zimebaki mbili. Mama yake amekwisha kubali kuuza magunia aliyoyahifadhi akingoja bei ipande. Leo ni Jumatano. Tumeona lumbesa isubiri.

GMAT ni mtihani wa kompyuta unaotumiwa na shule nyingi za biashara duniani kuchuja waombaji wa shahada ya uzamili. Ulianza katika miaka ya 1950 nchini Marekani, na hadi leo unamilikiwa na baraza la huko linalohusika na udahili wa masomo hayo. Shule kama Harvard, Stanford, INSEAD na London Business School huupokea, na hupokea vilevile mtihani mwingine uitwao GRE. Hapo ndipo lilipo swali la kwanza ambalo mlaji anapaswa kuliuliza, nalo halihusu darasa hata kidogo: je, chuo ninachokitaka kinaudai mtihani huu?

Tulipomuuliza kijana wetu, alitutajia vyuo vitatu. Viwili viko hapa hapa nchini. Programu nyingi za uzamili wa utawala wa biashara katika vyuo vyetu hutazama shahada ya kwanza, daraja lake na nakala ya matokeo, na pengine uzoefu wa kazi. Haziombi GMAT. Kwa hiyo mtu anaweza kuuza mpunga, akasoma wiki sita, akalipia mtihani, kisha akapeleka alama zake mahali ambapo hakuna aliyeziomba. Sifa za kujiunga huandikwa katika tovuti ya chuo. Zisipoeleweka, iandikieni ofisi ya udahili na muombe jibu kwa maandishi. Jibu hilo ni bure. Chuo chake cha tatu kiko ng'ambo, na huko mtihani huenda ukahitajika kweli. Hata hivyo, athibitishe kwanza, kwa maana baadhi ya shule za nje humsamehe mwombaji mwenye sifa fulani, na nyingine humwachia achague kati ya GMAT na GRE. Ahakikishe pia kwamba chuo chenyewe kinatambuliwa. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ndiyo inayotambua shahada za nje, na ni heri kuiuliza kabla ya kuondoka kuliko baada ya kurudi na cheti.

Sasa tuutazame ujumbe wenyewe. Tunaomba radhi kwa kuingia katika tarakimu, lakini ulaghai wa namna hii hukamatwa kwa tarakimu.

Tangu Novemba 2023 mtihani huu umekuwa na sura mpya, na ile ya zamani ilikoma mwishoni mwa Januari 2024. Sura ya zamani ilitoa alama kuanzia 200 hadi 800. Sura mpya hutoa alama kuanzia 205 hadi 805, na kila alama ya jumla huishia na tarakimu 5. Mtu anaweza kupata 695 au 705. Hakuna anayeweza kupata 700. Basi anayewauzia alama 700 kwa uhakika anawauzia kitu ambacho mtihani wa sasa hauna uwezo wa kukitoa. Ama hajui kwamba mtihani ulibadilika, ama anajua na anategemea kwamba ninyi hamjui. Tena, alama ya 645 hivi katika kipimo kipya inamweka mtahiniwa karibu na pale alipokuwa mwenye 700 katika kipimo cha zamani; msishtuke mkiona namba ndogo, wala msilinganishe alama yenu na ya kaka aliyefanya mtihani mwaka 2019.

Jambo hilohilo linahusu vitabu. Vitabu vya zamani na nakala zake zilizotolewa kivuli bado vinauzwa, na vingine ni vinene kweli. Vina sura za insha, za kusahihisha sentensi za Kiingereza na za jometri. Insha imeondolewa. Kusahihisha sentensi kumeondolewa. Jometri nayo imeondolewa. Anayetumia mwezi mzima kukariri kanuni za duara na pembetatu kwa ajili ya mtihani huu amebebeshwa lumbesa: gunia limeongezewa kilemba, na ndani yake kuna uzito asiouhitaji.

Ahadi ya tatu, ile ya maswali yenyewe, ndiyo ya hatari kuliko zote. Mwaka 2008 mahakama moja ya shirikisho nchini Marekani iliamuru mwendeshaji wa tovuti iliyokuwa ikisambaza maswali ya mtihani huu alipe zaidi ya dola milioni mbili. Wenye mtihani hawakuishia kwa muuzaji. Walifuatilia waliotumia tovuti hiyo, na watahiniwa 84 wakafutiwa matokeo. Basi maswali yakiwa ya uongo, mmepoteza fedha. Yakiwa ya kweli, mmeingia katika udanganyifu, na jina lenu ndilo litakaloandikwa, si la aliyewauzia.

Mzee mmoja ameuliza kwa haki kabisa: kama darasa hili halifai, je, kijana ajiandae vipi akiwa Muze? Tujibu.

Mtihani una vipengele vitatu, kila kimoja dakika 45. Hisabati ina maswali 21, ufahamu na hoja kwa Kiingereza maswali 23, na uchambuzi wa takwimu maswali 20. Jumla ni saa mbili na robo, na kuna mapumziko mafupi ya hiari. Kompyuta hupima jinsi unavyojibu: ukifanya vizuri, huleta swali gumu zaidi. Kikokotoo kinaruhusiwa katika takwimu tu, na hutolewa na mtihani wenyewe. Katika kila kipengele unaweza kurudi na kubadilisha majibu yasiyozidi matatu, na ukiacha maswali bila kuyafikia alama hushuka. Hisabati yake haizidi sana ile ya sekondari: asilimia, uwiano, milinganyo, wastani. Ugumu uko katika muda, kama dakika mbili kwa swali, na katika namna ya kuuliza.

Tuchukue mfano tulioutunga kwa mazao ya hapa. Mama ana magunia 40 ghalani, mengine ya mpunga na mengine ya ufuta. Je, ya mpunga ni mangapi? Kauli ya kwanza: magunia ya mpunga ni mara tatu ya yale ya ufuta. Kauli ya pili: akiuza magunia 10 ya ufuta, ufuta umekwisha. Mtihani haukuombi uhesabu tu. Unakuuliza ni kauli ipi inatosha kujibu swali. Ya kwanza peke yake inatosha, kwani 40 hugawanyika katika mafungu manne na mpunga ukachukua matatu. Ya pili nayo peke yake inatosha: 40 toa 10. Jibu sahihi basi ni kwamba kila kauli inatosha yenyewe. Tulipolisoma swali hili, mama mmoja aliyekaa nyuma alijibu kabla ya mwalimu wa hisabati, na hatukushangaa, kwa sababu kujua ni habari ipi inatosha kuamua bei ndiyo kazi anayoifanya kila siku ya soko.

Katika tovuti rasmi ya mtihani kuna mitihani miwili kamili ya majaribio isiyolipiwa, pamoja na maswali ya kuanzia. Tunashauri mtihani wa kwanza ufanywe mwanzoni kabisa, kabla ya kusoma lolote, ili mtu ajue pengo liko wapi. Wa pili uhifadhiwe hadi wiki za mwisho. Kati ya hiyo miwili, wengi huhitaji miezi miwili au mitatu ya kusoma kwa saa moja na nusu kila siku. Wiki sita za ujumbe ule zinamtosha aliyekwisha kuwa karibu. Kwa mtu aliyemaliza chuo miaka mitano iliyopita, tungeanza na vitabu vya hisabati vya kidato cha pili na cha tatu, ambavyo shule zetu zinavyo, na tungesoma kila siku ukurasa mmoja wa Kiingereza kizito huku tukijiuliza mwandishi anadai nini na ushahidi wake ni upi. Daftari la makosa lina thamani kuliko video mia. Hatusemi kwamba kila mwalimu wa kulipwa ni tapeli, wapo wazuri. Mwalimu mzuri atakuuliza alama yako ya majaribio kabla ya kukutajia bei.

Kuhusu gharama, ada inayotozwa Marekani ni dola 275 kwa mtihani wa kituoni na dola 300 kwa ule wa nyumbani, na hubadilika kwa nchi. Kwa kukadiria, tenga shilingi laki saba au nane. Fungua akaunti mwenyewe, kwa barua pepe yako, na jina liwe sawasawa na lilivyo katika kitambulisho kinachotakiwa, kwa kawaida pasipoti. Usimpe wakala nywila yako hata kama anakulipia kwa kadi yake. Kuahirisha kuna ada, nayo huongezeka kadiri siku inavyokaribia. Mtihani wa nyumbani unaonekana rahisi kwa mtu aliye zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar es Salaam, lakini unahitaji chumba cha faragha, kompyuta yenye kamera, na mtandao usiokatika kwa saa mbili na zaidi. Kwa umeme na mtandao wa bondeni, sisi tusingethubutu kuufanyia hapa. Alama zikipatikana hudumu miaka mitano, kwa hiyo hakuna Ijumaa yoyote inayomlazimisha mtu.

Na ikiwa mtu amekwisha kulipa? Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu huduma, na ahadi ya alama isiyokuwapo ni upotoshaji. Msifute ujumbe. Hifadhini tangazo, mazungumzo yote, ujumbe wa muamala wenye namba na jina la mpokeaji, na tarehe. Dai la kurudishiwa fedha liandikwe, lisiishie katika simu ya sauti. Namba iliyotumika kutapeli itumwe kwenda 15040, na taarifa ifikishwe polisi na kwenye Tume. Bila karatasi wala ujumbe, tunabaki na neno la mmoja dhidi ya mwingine, na mara nyingi hapo ndipo malalamiko hufia.

Kijana wetu ametuambia hatalipa Ijumaa. Ameomba tumsaidie kuandika barua kwa ofisi mbili za udahili, na tutaketi naye hapa chini ya mwembe pamoja na wengine wenye haja hiyo. Tumekuja na kompyuta mbili, na mtandao ukituhurumia tutafungua mtihani wa majaribio pia. Wenye mizani wasiondoke. Lumbesa tutaianza saa nane.