Ujuzi Upo, Cheti Hakipo



Tunawajua mafundi waliojenga nyumba zetu. Wengi waliacha shule mapema, wakapata ufundi kwa kushika mwiko. Lakini kontrakta akija anauliza karatasi, na fundi wetu anawekwa kubeba kokoto. Jambo hili latuuma.

Upo mtihani wa serikali, ule watu huita tredi testi. Unasimamiwa na NITA, shirika lililoundwa kwa sheria ya 2011. Fundi huanza gredi ya 3, akapanda ya 2, halafu ya 1. Sehemu kubwa ni kazi ya mikono: uashi, useremala, ushonaji, umekanika. Aliyejifunzia kazini hazuiwi kuufanya. Hata mama wa miaka hamsini mwenye cherehani yake, mbona asiende?

Sasa kompyuta. Vijana wanatuletea habari za vyuo vya mjini vinavyotoa cheti kwa majuma machache, na vikundi vinataka kulipa karo kwa pesa za merigoraundi. Hatukatai. Ila kabla shilingi haijatoka, mwekahazina aulize: chuo kina kibali cha TVETA, iliyowekwa na sheria ya 2013? Mwanafunzi atashika mashine mwenyewe, au watu kumi watazunguka moja? Vyeti vya kuning'inizwa ukutani tunavyo tayari.

Wanaotaka gredi ya 3 wampe katibu majina. Ada na tarehe tutakwenda kuziulizia pamoja.