Bomba Lisingojewe Ndipo Mikono Inawe



Mwaka 1971 Taifa liliazimia kwamba wananchi wote wa vijijini wapate maji safi ifikapo 1991. Lengo hilo halikutimia. Lakini mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi walichimba vyoo bila kungoja bomba.

Mwananchi wa Bonga, Babati, achotaye maji kijitoni hana budi kuyachemsha. Hata hivyo, mkono mchafu ukitumbukiza kikombe mtungini, maradhi ya kuhara hurudi palepale. Kibuyu chirizi na sabuni kando ya choo huuosha mkono kwa maji kidogo. Je, shule au ofisi isiyo navyo itamfundisha nani? Kazi ianzie hapo. Bomba likija, liwakute wananchi wenye mikono safi.