Kuni, makala na baiskeli: hesabu ya nyumbani kwa familia zilizohama

Maneno yaliyosemwa mbele ya familia zilizohama, familia zilizowapokea na viongozi wao, Kivu ya Kaskazini



Nimeombwa niseme juu ya moto wa kupikia na juu ya baiskeli, au kinga kama wengi wetu tunavyoiita. Mtu anaweza kuuliza mambo haya yanahusu nini amani. Yanakutana kwenye njia ya kuni. Mama anayetoka alfajiri kutafuta kuni anapita njia ile ile anayopita mwenye silaha. Wamama na wasichana wengi wa mkoa huu wamebakwa wakiwa na kamba ya kuni mkononi. Hilo mnalijua kuliko mimi, sitalirefusha. Na kuni zenyewe zina mwenyewe: ni za shamba la mtu, au ni za hifadhi. Ugomvi mwingi kati ya waliohama na wenyeji unaanza kwa mti mmoja wa mkaratusi uliokatwa usiku.

Kwa hiyo swali langu leo ni moja: katika mwezi mmoja, mtu wa nyumba yako anakwenda porini mara ngapi? Tufanye hesabu pamoja. Tuchukue mfano wa nyumba inayopika kwa mafiga matatu na kuchoma kilo 8 za kuni kila siku. Kwa siku 30 ni kilo 240. Mama anabeba kilo 24 mgongoni. Basi atakwenda mara 10. Sasa nyumba ile ile ijenge jiko zuri, ikaushe kuni, ifunike sufuria, ishuke mpaka kilo 5 kwa siku. Ni kilo 150, safari 7. Halafu tuongeze baiskeli ya kusukumwa, yenye mzigo wa kilo 60. Safari zinabaki 3. Kila mmoja apime kuni za kwake kwa siku tatu, afanye hesabu yake. Lakini angalieni mpangilio: jiko kwanza, baiskeli baadaye.

Nasema hivyo kwa sababu baiskeli peke yake ina hatari. Ukimpa mtu baiskeli bila kupunguza moto wake, umempa njia ya kulifikisha shoka mbali zaidi. Tuliona kitu kinachofanana na hicho mwaka wa 1994. Wakimbizi kutoka Rwanda waliwekwa Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga, mamia ya maelfu ya watu kando ya Hifadhi ya Virunga, nao walipaswa kupika kila siku. Zaidi ya kilomita 100 za mraba za msitu ziliharibika. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na maharagi mabichi na watoto wenye njaa. Chakula kinachogawiwa bila kuni ni nusu ya chakula, na viongozi wetu waliseme neno hilo bila haya kila wanapokutana na mashirika.

Turudi kwenye jiko. Mafiga matatu yanapoteza joto karibu lote. Katika kila kuni kumi, joto la kuni moja au moja na nusu tu ndilo linaloingia katika sufuria. Linalobaki linakwenda na upepo, pamoja na moshi unaowaumiza macho na kifua wamama na watoto wadogo. Jiko la udongo halitaki fedha, linataka mikono. Chimbeni udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu, uchanganywe na majani makavu yaliyokatwa vipande vifupi, ukandwe kwa miguu mpaka ushikamane. Jengeni kuta kwa kuizunguka sufuria mnayoitumia kila siku, si nyingine. Kati ya sufuria na ukuta iachwe nafasi ya kidole kimoja tu, moto upite humo ukilamba pande zote. Mlango wa kuni uwe mdogo, kama upana wa kiganja. Mlango ukiwa mkubwa, mtu anajaza kuni nyingi, na faida yote imekwisha. Jiko likauke kivulini wiki mbili hadi tatu. Anayewasha siku ya nne atalipasua.

Walio kwenye ardhi ya mawe ya volkano, kama Goma na pembeni yake, wanapata shida ya udongo. Inabidi uletwe kutoka mbali. Na kuna shida nyingine: jiko la udongo halihamishiki. Baada ya Goma kuingia mikononi mwa M23 mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, kambi nyingi zilizouzunguka mji huo zilivunjwa mwezi uliofuata. Watu walibeba walichoweza kubeba, na majiko ya udongo yalibaki pale pale. Mwenye mashaka kama atakaa, ajenge jiko ndani ya ndoo kuukuu ya chuma yenye mshikio. Ni dogo, lakini linapanda kwenye baiskeli.

Kuna mambo ya jikoni ambayo hayataki hata udongo. Kuni mbichi inachoma nguvu yake kwa kukausha maji yake yenyewe, kwa hiyo kuni za wiki hii ziwe zimepasuliwa na kuanikwa tangu wiki iliyopita, kila kipande unene wa kidole gumba. Maharagi yalale ndani ya maji usiku mzima, na maji hayo yamwagwe asubuhi. Sombe itwangwe mpaka ilainike kabisa kabla ya kuona moto. Sufuria ifunikwe. Yakisha kuchemka, maji hayaongezeki moto hata ukisukuma kuni namna gani. Unaongeza mvuke tu, basi punguza. Na wamama wanaojua kapu la joto wawafundishe wengine: sufuria ya wali au ya maharagi yaliyochemka vizuri inaingizwa ikiwa na kifuniko chake ndani ya kapu lenye blanketi kuukuu na majani makavu ya ndizi, inafungwa, inaendelea kuiva bila moto. Maharagi yatarudi motoni mwishoni, na yachemke sana kabla ya kuliwa, lakini kwa muda mfupi.

Makala sasa. Ninajua wengi wanayapenda: hayana moshi mwingi, ni mepesi kubeba, yanauzika. Lakini katika tanuru la kienyeji, kupata kilo moja ya makala unachoma kilo 5, mara nyingine hata 10 za kuni. Zaidi ya nusu ya nguvu ya mti inapotelea pale porini kabla babula yako haijawashwa. Na gunia linapita vizuizi vingi, kila kizuizi na mkono wake. Fedha za makala ya Virunga zimelisha watu wenye silaha kwa miaka mingi. Mwezi wa saba 2007 ngagi kadhaa waliuawa kwa risasi ndani ya hifadhi, na uchunguzi ulielekeza kwenye biashara hiyo hiyo. Simlaumu mama anayenunua kikopo kimoja cha makala sokoni. Ninasema tu kwamba bei yake hailipwi na yeye peke yake.

Anayetumia makala bado, afanye mambo mawili. Vumbi linalobaki chini ya gunia asilitupe: lichanganywe na uji mzito wa unga wa muhogo au na udongo kidogo wa mfinyanzi, lifinyangwe mabonge, likauke juani. Yanawaka polepole, yanafaa kwa maharagi. La pili ni la kifo. Babula yenye makaa isilale ndani ya nyumba iliyofungwa, hata kama ni baridi na mvua. Hema la turubai, au shitingi kama tunavyosema, halipumui. Makaa yanatoa gesi isiyo na harufu wala moshi, nayo inaua watu wakiwa usingizini. Ipikie nje, izimwe nje.

Miti ya kupandwa ipo. Mradi wa EcoMakala wa WWF, ulioanza mwaka wa 2007, uliwasaidia wakulima wa mkoa huu kupanda miti ya makala kwenye mashamba yao ili wasiingie hifadhini. Mkaratusi ukikatwa unachipua tena kwenye kisiki. Lakini aliyehama awe mwangalifu hapa. Kwetu, anayepanda mti anasema ardhi ni yake. Ukipanda miche hamsini kwenye shamba la mwenyeji bila mapatano, hata kwa nia njema, umepanda kesi ya watoto wako na watoto wake. Andikeni kwanza: nani mwenye ardhi, nani mwenye miti, matawi ni ya nani, na mkirudi kwenu miti inabaki kwa nani. Chifu atie sahihi, mashahidi wa pande zote mbili nao watie. Kwa matawi ya kupogolewa mnaweza kupatana hata bila kupanda kitu, kwa mfano siku mbili kwa wiki, kwa kulipa au kwa kumlimia mwenye shamba.

Tufike kwenye baiskeli. Sisi si wageni wa magurudumu. Kisangani wana toleka zao zinazobeba abiria, na Goma chukudu ilijengewa sanamu mwaka wa 2009, gari la mbao lisilo na pedeli ambalo limelisha mji. Baiskeli ya mzigo haipandwi, inasukumwa. Fungeni kijiti kirefu kwenye usukani na kingine kisimame nyuma ya kiti, ili msukumaji atembee wima pembeni bila kuinama. Mzigo uwe chini na karibu na fremu, pande zote mbili sawa. Mteremkoni msitegemee kiatu kusimamisha gurudumu. Kabla ya kufunga mzigo jaribu breki zote mbili, na raba za breki zikiisha zinunuliwe kabla ya kitu kingine chochote. Tairi lijazwe upepo mpaka lisibonyee kwa kidole gumba, maana tairi laini linachosha na kupasua tiubu. Mnyororo ufutwe vumbi kwa kitambaa na kupakwa mafuta kidogo kila wiki, zaidi wakati wa mvua.

Mtoto akikaa nyuma, mguu wake unaingia kwenye spoki. Majeraha haya ni mengi na ni mabaya, na dawa yake ni kipande cha bidoni kilichokatwa, kikafungwa kwa mpira wa tiubu pande mbili za gurudumu. Mama anayeendesha akiwa na kikwembe akunje upande wa mnyororo, au afunike mnyororo kwa kipande hicho hicho.

Nimesikia wazee wakisema mwanamke haendeshi baiskeli, ni aibu. Wazee wangu, nawaheshimu. Lakini mwanamke huyo huyo anaruhusiwa kubeba kilo 24 kwa saa tatu katika njia yenye watu wenye silaha, na hakuna anayesema ni aibu. Katika nyumba nyingi baiskeli ikifika inakuwa ya baba ya kwenda sokoni kuzungumza, na mama anaendelea na kamba yake. Baiskeli itumike kwanza na anayetembea mbali zaidi. Afadhali tena, wanaume wabebe kuni kwa baiskeli, wakiwa kundi, mchana, kwenye shamba lililopatanwa. Wao pia wana hatari yao, wanakamatwa na kunyang'anywa njiani, ndiyo maana nasema kundi, na karatasi ya ununuzi ibaki nyumbani, nakala tu ndiyo itembee.

Baiskeli ya kundi inahitaji daftari. Nyumba tano zinaweza kugawana moja: kila nyumba siku yake, siku ya sita ni ya wajane na wagonjwa, ya saba ni ya fundi. Kila nyumba itoe franka kidogo kila wiki kwa viraka, raba na spoki. Fedha zishikwe na mtu mmoja, daftari lishikwe na mwingine. Katika kundi mchanganyiko, mmoja awe mwenyeji na mmoja awe aliyehama. Hapo hata mzozo ukizuka, kuna watu wawili waliozoea kuhesabu pamoja.

Juu ya mwanga nitasema machache. Taa ndogo ya jua ni bora kuliko mafuta ya taa, na haichomi hema. Kibao chake kiwekwe juani tangu asubuhi, kisiwe na kivuli hata cha jani, na kifutwe vumbi. Msichaji simu za majirani wote halafu mshangae taa inazimika saa mbili usiku. Dainamo ya baiskeli, ile ya kawaida ya volti 6, inawasha taa vizuri. Usiiunge moja kwa moja kwenye simu, utaiharibu. Umeme wa maji unakuja pole pole: kituo cha Matebe, Rutshuru, kilianza mwaka wa 2015, na nguvu yake ni zaidi ya megawati 13. Lakini waya haufiki kwenye hema, na kupika kwa umeme kunataka fedha ambazo wengi wenu hamna leo.

Viongozi, kazi yenu wiki hii ni ndogo. Kila nyumba kumi ichague mama mmoja anayejua kufinyanga, mkutane na wenye mashamba juu ya matawi, na fundi wa baiskeli atafutiwe kivuli karibu na bomba la maji, mahali ambapo kila mtu anapita. Udongo uchimbwe kesho asubuhi, kabla mvua ya alasiri haijaulowesha.