Kipya kinyemi, lakini chunguza kidonda

Juma lililopita nilikuwa Lushoto kumjulia hali dada yangu. Anayeijua njia ile anafahamu kwamba ukishaacha barabara kuu pale Mombo na kuanza kupanda, joto unaliacha nyuma, kona zinafuatana, na ukipita Soni unaanza kutafuta sweta. Nilidhani nakwenda kula viazi na kupumzika. Kumbe nilikuwa nimeandaliwa kesi ya kuamua.

Mlalamikaji alikuwa dada yangu. Mshitakiwa alikuwa mwanawe, kijana wa miaka 23 mwenye kibanda cha gemu karibu na soko. Kibanda kina runinga mbili, mashine mbili za PlayStation 4, mabenchi matatu na paa linalovuja. Wateja hulipa shilingi 500 kwa nusu saa. Kijana amejibana hadi akapata akiba ya shilingi 120,000. Mama anataka fedha hizo zinunue pedi mpya za kuchezea, kwa kuwa za sasa zimelegea vitufe, na zitakazobaki zizibe paa. Mwana anataka kuzimaliza zote kwa gemu moja, na gemu yenyewe si ngeni. Ni Grand Theft Auto: San Andreas, ambayo tayari anayo tangu utotoni.

"Kaka," dada yangu akaniambia, "wewe ndiye uliyesoma. Mtu ana sufuria ndani, sufuria ni nzima. Anakwenda sokoni kununua sufuria ileile, ati kwa kuwa imesuguliwa. Hiyo ni akili?"

"Mjomba, si ileile," kijana akadakia. "Mama haelewi. Hii ni rimasta."

Ndugu wasikilizaji, huenda wengi wenu mtakubaliana na mama haraka. Mimi sikuharakisha, kwa sababu sote tumewahi kununua kitu kimoja mara mbili. Marehemu baba yangu alikuwa na nyimbo za Mbaraka Mwinshehe katika santuri. Mimi nilizinunua katika kaseti. Baadaye nikazinunua katika CD, na leo ninazo ndani ya simu. Mwimbaji ni yule yule, aliyefariki mwaka 1979, na hajaongeza hata neno moja. Kwa hiyo asiyewahi kununua sufuria iliyosuguliwa na arushe jiwe la kwanza.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Pale Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, bado kuna nyumba za enzi zao. Mwenye nyumba ya namna hiyo anaweza kupaka rangi, kubadili vioo na kuweka bati jipya. Nyumba inabaki ile ile, ila inapendeza zaidi. Katika gemu hiyo ndiyo rimasta: mchezo ni wa zamani, picha na sauti zimesafishwa ili zifae mashine za kisasa. Mwingine atabomoa kuta zote na kujenga upya juu ya msingi ule ule. Hiyo inaitwa rimeki. Wa tatu atapaka chokaa juu ya ukuta wenye unyevu, kisha apandishe kodi. Huyo wa tatu ndiye wa kuogopwa, na katika biashara ya gemu yumo.

Sasa tuitazame gemu iliyoleta ugomvi. San Andreas ilitoka Oktoba 2004 kwa ajili ya PlayStation 2. Mimi mwenyewe niliicheza Tanga nikiwa kijana wa miaka ishirini na ushee, na wenzangu walikuwa na madaftari yaliyojaa namba za siri za kupata silaha na magari. Novemba 11, 2021, kampuni ya Rockstar Games ilileta toleo lililosafishwa, ikiziunganisha gemu tatu pamoja: ya 2001, ya 2002 na hiyo ya 2004. Bei kwa mashine nyingi ilikuwa dola 60 kasoro senti moja, ambayo kwa thamani ya wakati ule ilizidi shilingi 130,000.

Watu walilipa, halafu wakashika vichwa. Mvua iliponyesha ndani ya mchezo ilikuwa nzito hata dereva haoni barabara. Baadhi ya nyuso ziligeuka vinyago. Maandishi ya mabango, ambayo usafishaji wake uliachiwa kompyuta, yalitoka yamekosewa herufi. Toleo la kompyuta liliondolewa sokoni kwa siku kadhaa. Novemba 19 kampuni ikaomba radhi hadharani, ikikiri kwamba gemu hizo zilitolewa zikiwa hazijafikia kiwango chake yenyewe.

Lakini kosa lililonifundisha zaidi lilihusu ukungu. PlayStation 2 ilikuwa na nguvu ndogo, haikuweza kuchora mambo ya mbali, kwa hiyo mafundi wa zamani waliyafunika kwa ukungu. Waliosafisha waliuondoa ukungu wakidhani wanatenda wema. Matokeo yake mji uliokuwa ukionekana mkubwa usio na mwisho ukaonekana mdogo kama kiwanja cha watoto, maana kutoka pembe moja unaona pembe ya pili. Watu wa Usambara hawahitaji kuelezwa jambo hilo. Asubuhi ya mwezi wa saba, Magamba ikiwa imejifunika, unadhani mlima ule hauna kilele. Ukungu ni sehemu ya mlima. Katika kazi ya kusafisha cha kale, kujua uchafu ni upi na uzuri ni upi ndio ufundi wenyewe.

Na kama mtu wa redio, kuna jingine lililonigusa. Katika gemu ile ukiingia garini unafungua redio, na nyimbo zake ndizo watu wengi wanazozikumbuka kuliko hata hadithi. Baadhi ya nyimbo zilizokuwamo mwaka 2004 hazimo katika toleo jipya, kwa sababu haki za kuzitumia zilikwisha muda wake. Kwa hiyo mnunuzi wa pili hakuongezewa tu, alipunguziwa pia. Tena wiki chache kabla ya toleo jipya kutoka, matoleo ya zamani yaliondolewa katika maduka ya intaneti. Baada ya malalamiko ndipo ilipoahidiwa kwamba yale ya kompyuta yatarudishwa.

Ili nisiwe mtu wa lawama tupu, naomba niseme kwamba marekebisho yaliendelea, na mnamo Novemba 2024, miaka mitatu kamili baadaye, lilitoka sasisho lililorudisha hata mwonekano wa anga wa zamani. Na zipo kampuni zilizowatendea haki wateja wao. Mwaka 2016 gemu ya Skyrim ilipotolewa upya, waliokuwa nayo kwenye kompyuta pamoja na nyongeza zake zote walipewa toleo jipya bila malipo. Januari 2024 The Last of Us Part II ilipotoka upya kwa PlayStation 5, mwenye toleo la 2020 aliongeza dola 10 tu. Huo ndio uungwana: mteja wa zamani halipishwi nyumba nzima, analipishwa rangi.

Tena kazi ya kutoa upya ina faida yake kubwa. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya gemu, Video Game History Foundation, ilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena madukani. Mashine zinakufa, CD zinakwaruzika. PlayStation 4 haisomi CD ya PlayStation 2. Bila ya mtu kuzisafisha na kuzitoa tena, gemu nyingi zitapotea kama zilivyopotea nyimbo ambazo kanda zake ziliachwa kwenye joto na vumbi.

Basi hukumu ikawaje? Nilimwuliza kijana maswali manne, na ninayatoa hapa kwa yeyote mwenye mtoto anayelilia gemu ya zamani iliyovishwa nguo mpya.

La kwanza: ya zamani bado inafanya kazi? Akasema mashine ya PlayStation 2 iko chini ya kitanda. Tukaitoa, tukaifuta vumbi, tukaiunganisha kwenye runinga. Ikawaka. Ndugu wasikilizaji, nilishtuka. Katika kumbukumbu yangu San Andreas ilikuwa na barabara zinazong'aa na watu wenye nyuso za watu. Nilichokiona ni watu wenye vidole vilivyogandamana kama mwiko. Ndipo nikagundua kwamba gemu ile ilikwisha kusafishwa zamani, tena bure, na fundi aliyeisafisha ni kichwa changu mwenyewe. Hakuna kampuni itakayoweza kushindana na fundi huyo. Lakini baada ya robo saa macho yalizoea, na mimi na mpwa wangu tukawa tunapokezana pedi kama watoto, hadi dada yangu akaja kuuliza kama kesi imeahirishwa.

La pili: kimeongezwa nini, na kimepunguzwa nini? Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Tafuta aliyeinunua, ukae nayo saa moja kabla ya kutoa fedha.

La tatu: gharama yote ni kiasi gani? Kijana alitajiwa CD kwa shilingi 120,000. Hiyo ni sawa na nusu saa 240 za wateja, kabla hujatoa umeme na kodi ya kibanda. Tena makosa ya gemu za siku hizi hurekebishwa kwa njia ya intaneti. CD hutoka kiwandani na makosa yake, na dawa hupakuliwa baadaye. Mwenye bando kubwa atacheza gemu iliyopona. Asiye na bando atacheza ile ile iliyoombewa radhi. Na asiye na haraka hulipa kidogo, kwa maana bei ya gemu hushuka kadiri miezi inavyopita.

La nne ndilo lililomaliza kesi. Nilimwuliza: "Ni nani hasa wanaoiulizia hapa kibandani?"

Akakuna kichwa. "Watoto wa shule, mjomba."

"Na wale wakubwa, vijana wa bodaboda?"

"Wao ni mpira tu. Kila siku mpira."

Hapo ndipo akili ilipotulia. Rimasta huuzwa kwa mtu mwenye kumbukumbu, na watoto wale hawakuwa wamezaliwa mwaka 2004. Wao hawaitaki kwa kuwa wanaikumbuka, wamesikia jina tu. Na juu ya jalada la gemu hiyo wametajwa wachezaji wa miaka 18 na zaidi, kwa sababu ni hadithi ya magenge, bunduki na matusi. Kwa hiyo wanaoitaka hawaruhusiwi, na wanaoruhusiwa hawaitaki. Shilingi 120,000 zingenunua kitu ambacho mwenye kibanda mwadilifu asingeweza kukikodisha.

Nikamwona kijana ameinamisha uso. Akasema kwa sauti ndogo, "Lakini mjomba, hata mimi mwenyewe naitaka." Akaeleza kwamba marehemu baba yake ndiye aliyemletea mashine ile kutoka Tanga, na jioni walikuwa wakicheza pamoja, baba akiendesha gari polepole kwa kuheshimu taa za barabarani, jambo ambalo hakuna anayelifanya katika gemu ile. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema kitu. Nadhani hata yeye alikuwa hajui kwamba ndiyo sababu.

Nilimjibu hivi, na ndilo neno langu la leo. Fundi alipwe kwa kazi aliyoifanya, maana kusafisha kazi ya zamani ni jasho kama jasho lingine. Lakini kumbukumbu ni mali yako, ulishailipia kwa siku zako, na hupaswi kuuziwa mara ya pili. Toleo la 2021 lina mwanga mpya na barabara mpya, lakini baba yako hayumo ndani yake. Kama yumo popote, yumo katika mashine hii yenye vumbi ambayo bado inawaka. Itunze. Na siku bei ikishuka na mfuko ukiruhusu, inunue kwa ajili yako, uicheze nyumbani ukiwa mtu mzima, bila kujidanganya kwamba ni biashara.

Asubuhi iliyofuata tulishuka wote sokoni. Pedi mbili zikanunuliwa, na bati mbili. Mashine ya zamani haikurudi chini ya kitanda. Dada yangu aliitandikia kitambaa cha kushona kwa mkono, akaiweka sebuleni juu ya kabati la vyombo, karibu na picha ya mumewe.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Walituonya kwamba upya wenyewe hutia tamaa, hata pale unapouma. Nasi kabla ya kutoa fedha tuulize kwanza kama ni upya tunaoununua, au ni kidonda chetu wenyewe tunachorudishiwa kikiwa na bei.

Hadi juma lijalo panapo majaliwa, kwaherini.