MALI BILA DAFTARI

(Haya ni maneno aliyoyasema mbele ya wanachama wa tawi mwenzetu mmoja mwenye duka huko Rau, Moshi, alipokuja kuzuru jamaa zake hapa kisiwani. Tumeyapiga chapa kama alivyoyaandika.)



Nawashukuru kwa heshima hii mliyonipa. Mimi si msemaji wa majukwaani. Elimu yangu ni ya chuoni kwa mwalimu, na kazi yangu ni kupima mchele na sukari katika kata ya Rau, Manispaa ya Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro. Walakini mwenye duka hujifunza jambo moja ambalo mwanasiasa aghlabu hulisahau: kila jioni sharti ahesabu. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na hayo ndiyo nitakayoyasema leo.

Juzi kijana mmoja wa tawi hili alinijia akaniambia, “Ami, ya nini kuhangaika na udiwani? Diwani hana polisi wala hana hazina. Heri tuyaache hayo, tungojee uchaguzi mkubwa.” Sikumjibu siku ile. Nilimwambia aje leo asikilize, nami namwona pale ameketi karibu na mlango. Jawabu langu ni hili: baraza ni mfuko. Asiyeshika mfuko hana baraza, hata akishinda viti vyote. Na asiyejali ni nani aushikaye mfuko, asishangae siku atakapolipa kwa jambo ambalo hakuulizwa.

Niruhusuni nianze na mlima. Huko Uchagani, tangu zamani sana kabla ya Wadachi na kabla ya Waingereza, watu walichimba mifereji ya kuteremsha maji ya mito ya mlimani mpaka migombani. Mfereji huo huitwa mfongo. Mfongo una wenyewe na una wazee wake. Kila mtu ana zamu yake ya maji, na siku ya kuuzibua mfongo kila mwenye zamu hutoka na jembe lake. Asiyetoka hutozwa, na asiyelipa hunyimwa maji. Hakuna aliyewaandikia sheria hiyo katika kitabu, nayo ilidumu, kwa sababu mtu aliyaona kwa macho yake maji aliyoyatolea jasho yakipita shambani mwake.

Sasa itazameni kodi ya mji kwa jicho hilo hilo. Kodi ni maji ya mfongo. Mtu hulipa akitaraji kuyaona yakirudi: taka zizolewe, barabara ipitike, taa iwake sokoni. Moshi umesifiwa mara nyingi kwa usafi wake, na sifa hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ilitokana na baraza lililotunga sheria ndogo za usafi, likaajiri wafagiaji, likawalipa kutoka mfuko wake. Mji huo ni mdogo kwa eneo, kiasi cha kilomita za mraba 59, na watu wake waliohesabiwa mwaka 2012 walikuwa 184,292. Katika hesabu ya mwaka 2022 wakawa 221,733. Watu wanaongezeka na ardhi haiongezeki, kwa hivyo kazi ya baraza haipungui.

Je, mfongo ukihamishwa na mtu aliye mbali, huwaje? Mambo haya yamekwisha kujaribiwa. Mwaka 1972 Serikali ilianzisha huko Bara mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, na mabaraza ya wilaya na ya miji yakavunjwa. Jina lilikuwa zuri, lakini madaraka yalikwenda kwa maofisa waliotumwa, si kwa watu. Taka zikalundikana, mifereji ikaziba, na katika miaka hiyo ya 1970 kipindupindu kikazuka mijini. Serikali yenyewe ikatambua kosa. Mwaka 1978 ikapitisha sheria ya kurudisha mabaraza ya miji, na mwaka 1982 zikatungwa sheria kamili za serikali za mitaa, mojawapo ikiwa ya fedha zake. Na Katiba ya Jamhuri ya Muungano ikaweka wazi kwamba serikali za mitaa zipo ili madaraka yawafikie wananchi.

Basi mabaraza yakarudi. Tutazame mfuko ulikwendaje.

Kodi kubwa ya mji wowote ni kodi ya majengo, kwani nyumba haikimbii. Kwa sheria ya mwaka 1983 baraza la mji liliweza kuzithamini nyumba na kuzitoza kadiri ya thamani yake. Mwaka 2016 Bunge likaihamishia Mamlaka ya Mapato kazi ya kuikusanya kodi hiyo. Mwaka uliofuata ada za mabango ya matangazo nazo zikafuata njia hiyo hiyo. Mwezi wa Desemba 2018 aliyekuwa Rais, John Magufuli, akatoa vitambulisho vya wafanya biashara wadogo kwa shilingi 20,000 kila kimoja, kwa wale ambao mauzo yao hayafiki shilingi milioni 4 kwa mwaka. Mimi sitasema kwamba mchuuzi wa ndizi hakupata nafuu, maana alipata, naye alikuwa akisumbuliwa kila siku kwa tikiti za ushuru. Lakini zile fedha hazikuingia katika mfuko wa baraza linalofagia soko lake.

Kisha, mwezi wa Agosti 2021, kodi ya majengo ikaanza kukatwa katika umeme. Ukinunua umeme wa LUKU, kila mwezi hukatwa shilingi 1,000 kwa nyumba ya kawaida. Mwaka 2023 ikapandishwa ikawa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Nawaomba mfikiri pamoja nami. Kwanza, nyumba ya vyumba viwili ya fundi baiskeli hulipa sawa sawa na jumba la tajiri lenye bustani, maadamu jumba hilo si la ghorofa. Pili, ni nani anunuaye umeme? Aghlabu ni mpangaji. Huja dukani kwangu na shilingi 2,000 za umeme mkononi, akakuta nyingi zimekwisha kukatwa kwa kodi ya nyumba isiyo yake. Aliambiwa apatane na mwenye nyumba amrudishie. Nyinyi ni wapangaji na wenye nyumba, mwajua mapatano hayo huishaje.

Wala tusidhani kwamba haya yalifanywa kwa ajili ya Moshi peke yake. Sheria ilikuwa ya Bara nzima, na ikayapata mabaraza ya kila chama. Lakini huko Moshi somo lake lilionekana zaidi. Katika uchaguzi wa mwaka 2010 na wa 2015 Chadema, chama cha upinzani, kilikuwa na nguvu kubwa mjini, na Meya akatoka katika chama hicho. Watu walishangilia, nami ninayesema hapa nilishangilia. Tulidhani tumeshika mji. Kumbe Meya huchaguliwa na madiwani, lakini Mkurugenzi, ambaye ndiye mwenye kalamu ya malipo, huteuliwa na Rais. Sheria ndogo ikipitishwa na madiwani haiwi sheria mpaka Waziri aridhie. Na ilipofika 2016, mfereji mkubwa wa mapato ukageuzwa juu kabisa, kwenye chemchemi. Diwani wetu akabaki na jembe, maji hana.

Hapo kijana wangu wa mlangoni atasema, “Ami, basi si nilikwambia?” La, ngoja nimalize. Kuna yaliyonyang’anywa, na kuna tuliyoyatupa kwa mikono yetu wenyewe. Haya ya pili ndiyo yanayoniuma.

La kwanza ni sheria ndogo. Baraza linapotaka kutunga sheria ndogo, hupaswa kuwatangazia wakaazi ili mwenye pingamizi aseme. Mwaka mmoja nilitozwa faini kwa kupanga ndoo na majembe nje ya duka. Niliwaka kwa hasira, nikasema tumeonewa. Nikaenda kuuliza, nikaonyeshwa kwamba tangazo la sheria ile lilikuwa limebandikwa ukutani majuma mengi, katika njia ninayopita kila siku nikienda kusali. Sikulisoma. Wenye maduka wote mtaani hatukulisoma, wala hapakuwa na pingamizi hata moja. Nililipa faini, na tangu siku ile husimama kwenye kila karatasi iliyobandikwa ukutani.

La pili ni ujenzi. Rau ilikuwa ya mashamba, na juu yake zilikuwa vihamba, yaani ile ardhi ya ukoo yenye migomba na kahawa ambayo baba humwachia mwana. Kihamba cha mmoja kikagawiwa watatu, na wa watatu wakawauzia tisa. Kila mtu alijenga mpaka kwenye ncha ya kipande chake, na hapana aliyeacha njia. Wengine walijenga karibu na mto Rau, ijapokuwa Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Sisi sote tulikuwa tukisema, mipango ya mji ni kazi ya baraza.

Usiku mmoja wa masika mama mmoja jirani yetu alishikwa na uchungu. Gari lilifika barabarani likakwama pale, kwani kutoka barabarani hadi kwake palikuwa na uchochoro wa kupita mtu mmoja. Tulimbeba juu ya kitanda, wanaume wanne, tukipita baina ya kuta, mara nyingine tukikiinamisha kitanda ili kipite. Alijifungua salama, Alhamdulillahi. Asubuhi yake mzee mmoja alitukusanya, akatuambia jambo fupi: “Jana mlibeba mtu hai. Siku nyingine mtabeba jeneza, nalo haliinami.” Siku ile kila mwenye kiwanja alikubali kutoa hatua mbili za ardhi yake, na mimi nilivunja ukuta wa ghala langu. Tukampelekea diwani makubaliano yetu kwa maandishi na saini. Ilichukua muda, lakini njia ile leo imo katika ramani ya mtaa, na gari lapita.

Ndugu zangu, ile njia haikuletwa na chama chochote. Ililetwa na watu waliotoa kitu chao kwanza, kisha wakalidai baraza kwa karatasi, si kwa kelele. Huo ndio mfongo.

Sasa nirudi nyumbani, hapa visiwani. Serikali za mitaa si jambo la Muungano. Zetu ni zetu, na sheria yake ya sasa ilitungwa na Baraza la Wawakilishi mwaka 2014. Kwa hivyo hatuna wa kumsingizia. Huko Moshi mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa kwa kura, ijapokuwa kura zenyewe zina maneno: mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa, na mwaka 2024 chama kinachotawala kikatangazwa mshindi katika zaidi ya mitaa 98 kwa kila mia. Hapa kwetu sheha hachaguliwi kabisa, huteuliwa. Yatupasa kuendelea kudai achaguliwe. Lakini tunapongoja hayo, diwani tunaye, na baraza lina mfuko, nao una hesabu. Ni wangapi kati yetu tuliomo humu waliowahi kuiona hesabu ya baraza lao? Naomba anyoshe mkono.

Naona mikono miwili. Basi tusimlaumu mwizi kabla hatujafunga mlango.

Wazee wetu hawakuwa hivi. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng’ambo, wengi wao wapagazi, washoni na wanawake wenye vijumba vyao, waligoma kulipa kodi ya ardhi waliyoiona kuwa ya dhulma. Hawakuwa na diwani wala hawakuwa na kura. Walikuwa wakijua ni kiasi gani wanalipa, kwa nani, na kwa nini, na kujua huko ndiko kulikowapa nguvu.

Nawaachieni mambo matatu. Kwanza, tawi hili liweke daftari: kila ada na kila ushuru ambao mwanachama hutozwa na baraza liandikwe, na risiti yake ihifadhiwe. Pili, wachaguliwe watu wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, wenye kujua hesabu, wahudhurie kila kikao cha baraza kilicho wazi na kutuletea khabari, hata kama diwani ni wa chama kingine. Na wa chama chetu wakimwona amekosa, wamtaje kwa jina. Tatu, kila mwanachama ajengaye aache njia. Tusiombe madaraka ya kuupanga mji ikiwa hatuwezi kuupanga uchochoro.

Nawe kijana uliye mlangoni, uliniuliza ya nini udiwani. Fedha za watu ni amana. Chama kisichoweza kulinda amana ya soko moja hakina haki ya kuomba kupewa hazina ya nchi. Anza na soko. Kesho asubuhi nenda ukasome karatasi iliyobandikwa ukutani.

Wassalaam.