Jina la Mpiga Gitaa



Mwezi wa Machi 2020, Serikali ya Sudan Kusini ilipopiga marufuku mikusanyiko ili kuukabili ugonjwa wa korona, ni askari waliotumwa kuhakikisha kuwa amri hiyo inatiiwa. Mjini Juba ngoma zilinyamaza na kumbi za burudani zikafungwa. Mgonjwa wa kwanza nchini alithibitishwa tarehe 5 Aprili. Kwa hiyo amri ilikuwa ya busara. Hata hivyo, nyuma ya kila mlango uliofungwa palikuwa na mtu aliyeutegemea mlango huo kwa chakula cha wanawe.

Askari aliyekuwa zamu barabarani alikuwa na jina lake katika daftari la mishahara. Mshahara huenda ukachelewa, na nani katika Juba asiyelijua hilo? Lakini jina lipo, cheo kipo, na deni linajulikana. Mpiga tarumbeta wa bendi ya jeshi naye yumo daftarini. Mpiga gitaa wa ukumbini hayumo.

Nchini Kenya, mwezi wa Aprili 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kuwa shilingi milioni 100 zingetolewa kutoka Mfuko wa Michezo kwa ajili ya wanamuziki, waigizaji na wasanii wengine. Fedha hizo ni chache zikigawanywa kwa wote. Lakini tangazo lile lilikiri kwamba sanaa ni kazi, na kwamba anayezuiwa kuifanya kwa manufaa ya umma anastahili kushikwa mkono. Aidha, Kenya ilikuwa na pa kuanzia: sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001, na vyama vinavyokusanya malipo ya muziki kwa niaba ya wanachama. Manung'uniko juu ya mgawo wa vyama hivyo ni ya miaka mingi. Lakini angalau mwenye kunung'unika alikuwa na mlango wa kubisha. Uganda, maonyesho ya usiku hayakuruhusiwa tena hadi Januari 2022.

Sudan Kusini haikosi wasanii. Mwezi wa Mei 2012, kabla uhuru haujatimiza mwaka, waigizaji wa nchi hii walionyesha mchezo wa Shakespeare, Cymbeline, katika ukumbi wa Globe mjini London, kwa Kiarabu cha Juba. Na korona ilipoingia, wasanii walitumia nyimbo na michoro ya ukutani kuwahimiza watu kujikinga. Waliitumikia nchi katika siku zile zile walizokosa kipato.

Hazina ikiwa tupu, hapana budi kungoja fedha. Kuandikisha majina hakungoji. Kituo cha Utamaduni cha Nyakuron kipo. Inatosha meza moja, karani mwaminifu na daftari: jina, kazi, kundi, mahali anapoishi. Askari yeyote aliyewahi kusimama katika gwaride la kuhesabiwa anajua jinsi kazi hiyo inavyofanywa.