Betri na Duka Lililoanguka
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mafundi na wafanya kazi wa Kibugu)



Tumeombwa kusema juu ya vyombo vya kazi vinavyotumia betri, kwa sababu maseremala wengi wa hapa wanataka kuvinunua. Bonasi ya majani chai ikitoka watu hujenga, na killa fundi ataka kumaliza paa upesi apate kazi nyingine.

Hatukuja kuwakataza. Vyombo hivi ni vizuri. Fundi aliye juu ya paa, mahali pasipo stima, aweza kutoboa na kukaza skrubu pasipo jenereta wala waya wa kuburura. Nao waliozungusha keekee kwa mkono miaka mingi wajua jinsi bega linavyouma jioni. Lakini yafaa tujue tunanunua nini.

Ukinunua msumeno wa mkono, umekwisha kununua. Ukipoteza makali utatiwa tupa. Ukinunua chombo cha betri, umenunua nusu tu. Nusu ya pili ni betri, nayo huchakaa hata kama chombo chenyewe ni kizima. Siku hiyo itakulazimu kurudi kwa yule aliyekuuzia. Je, utamkuta?

Twataka kuwapa habari za duka moja la Marekani, liitwalo Sears. Lilikuwa Chicago katika miaka ya 1890, likiwauzia wakulima wa mbali kwa njia ya posta, kwa kitabu kikubwa cha bei. Mwaka 1927 lilinunua jina la Craftsman, na kwa jina hilo likauza spana, nyundo na bisibisi kwa wafanya kazi wa nchi nzima. Ahadi yake ilikuwa moja: chombo cha mkono kikivunjika, lete, utapewa kipya bure, wala hutaulizwa risiti. Mafundi walilipenda duka hilo, na baba alimwachia mwanawe vyombo vyake.

Vyombo vya betri vilikuja polepole. Mwaka 1961 kampuni ya Black & Decker ilitoa drili ya kwanza ya betri, lakini nguvu yake ilikuwa haba. Mwaka 2005 Milwaukee ikatoa vyombo vyenye betri za lithiamu, vyepesi na vyenye nguvu kuliko vya zamani, na tangu hapo biashara ikageuka. Sears nayo iliuza vyombo vya betri vya Craftsman, vya volti 19.2. Ila ile ahadi ya maisha ilikuwa ya vyombo vya mkono, si ya hivi.

Wakati huo Sears ilikuwa imekwisha kudhoofika. Maduka makubwa mapya, kama Home Depot, yaliwavuta wateja wake. Mwaka 2005 iliunganishwa na Kmart, nayo dhaifu pia, na maduka yakaachwa kuchakaa. Mwaka 2017 ililiuza jina la Craftsman kwa kampuni ya Stanley Black & Decker kwa dola kama milioni 900. Tarehe 15 Oktoba 2018 ilikwenda mahakamani kusema ya kuwa haiwezi kulipa madeni yake.

Sasa angalieni. Mwenye jina mpya alitoa vyombo vipya vyenye betri za volti 20, wala betri hizo haziingii katika vile vya volti 19.2. Spana ya Craftsman ya mwaka 1950 hata leo yafungua nati. Lakini drili nzima, isiyo na kosa, yaweza kulala sandukuni kwa kukosa betri.

Wala si wanunuzi tu walioumia. Wafanya kazi wa Sears walipoteza kazi, na mwaka 2019 shirika la serikali ya Marekani la kulinda malipo ya uzeeni likabeba mzigo wa watu kama 90,000 waliokuwa katika mipango ya kampuni hiyo. Wala tusiseme ya kuwa hayo ni ya Marekani tu. Hapa Kenya tuliona Nakumatt, iliyokuwa duka kubwa kuliko yote, ikianguka, hata Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifungwe. Duka kubwa si mlima.

Basi tufanye nini? Kwanza, kabla ya kuuliza bei ya drili, uliza bei ya betri peke yake, na kama yapatikana Embu hata bila chombo. Asiyeweza kukujibu, usimpe fedha zako.

Pili, usidanganywe na hesabu ya volti. Betri ya lithiamu iliyoandikwa 20 na ile iliyoandikwa 18 mara nyingi ni sawasawa: zote zina seli tano, moja imehesabiwa ikiwa imejaa, nyingine ikiwa katika kazi.

Tatu, itunze. Usiiache juani juu ya mabati, wala usiiweke miezi mingi ikiwa tupu kabisa.

Nne, na hili ndilo kubwa: wanaofanya kazi pamoja wachague aina moja. Mafundi watano wenye aina tano hawawezi kuazimana hata betri moja. Wakiwa na aina moja, yako ikiisha utapewa ya mwenzako, na mwenye duka atajua ya kuwa akiwapoteza nyinyi amepoteza watu watano. Watengenezaji wenyewe wamekwisha kulijua jambo hili. Mwaka 2018 kampuni ya Metabo ya Ujerumani ilipatana na wenzake kadhaa ili vyombo vyao vitumie betri ya namna moja. Ikiwa matajiri wanaungana kwa ajili ya betri, sisi twangoja nini?

Mwisho, msiuze randa, patasi na keekee zenu. Betri ikifa, hizo ndizo zitakazomaliza mlango wa mteja.

Sasa twangojea maswali yenu.